Mke wangu aling'atwa na mbwa Mwamgongo, mimi nikaanza kufundisha utando wa seli

Wakuu, habari za muda huu. Hii siyo chai. Mhusika mwenyewe yupo pembeni anasoma kila mstari na kunisahihisha.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, mtu wa Iringa, nimeoa Muha. Likizo tukapanda boti kwenda kijijini kwao Mwamgongo, kando ya ziwa.

Siku ya pili mbwa wasiyemjua pale kijijini, mate yanamchuruzika, akamng'ata mke wangu mguuni. Hakuchokozwa. Nikawaza kichaa cha mbwa, na dalili zikishaanza hakuna wa kukurudisha.

Mama mkwe akaja na chupa ya mafuta ya mawese ampake. Hapo ndipo nilipochoka. Mawese kwake ni dawa ya kuungua moto, ya jino, hata ya mtoto anayechelewa kutembea.

Sasa wewe mkwe utamnyang'anya mama kitu mkononi? Nikaona nimwelimishe.

"Mama, kirusi cha kichaa cha mbwa kimevaa utando wa lipidi, yaani mafuta, kimeuchukua kwenye seli kilikotoka. Juu kina protini kama miiba. Kikiingia kwenye seli, miiba inanasa, inajikunja, inavuta tando mbili zisogeleane. Protini inavuta, mafuta yanapinda, mpaka tando zinaungana na kirusi kinamwaga mzigo wake..."

Nikaokota kijiti nichore chini. Naandika haya kwa aibu. Mke anatoka damu, mume anachora seli.

Mama akanitazama. "Mwalimu, huyo mdudu kavaa mafuta?"

"Ndiyo, mama."

"Si atolewe na sabuni? Unatuchorea nini sasa?"

Akaweka chupa chini, akachukua sabuni anayopika mwenyewe, akaosha kidonda kwa maji ya kumimina dakika kumi na tano. Kazi yangu ilikuwa kushika simu na kuangalia muda.

Tukawahi boti ya kwenda mjini kwa ajili ya chanjo. Nesi akauliza kama tuliosha kwa sabuni. Mke wangu akajibu, "Mama aliosha. Huyu alikuwa anafundisha."

Sindano zote amemaliza, yuko salama, namshukuru Mungu.

Wakuu, uking'atwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji mengi hapo hapo, halafu kachanjwe hata kama ni mchubuko tu. Nilikuwa na jibu mdomoni muda wote, nikalitumia kujionyesha. Kila nikikumbuka najichukia.

Nisemeni mnavyotaka. Ila mliowahi kubishana na mama mkwe huku mgonjwa yuko mbele yenu, nyie mlifanyaje?