Mtu wa Miwani Nyeusi

Siku tatu mtu wa miwani nyeusi alikuwa akinifuata mitaa ya Mudzipela. Nikinunua sukari, yumo dukani nyuma yangu, uso ndani ya gazeti alilolishika kichwa chini miguu juu. Alipotoka, mama wa duka akaninong'oneza: «Papa, ule mutu aliniuliza kama unakunywaka pombe, na kama unapigaka bibi yako wa ndoa.»

Nikajiona niko ndani ya sinema ya wapelelezi. Kesho yake nikapanda pikipiki, nikazunguka soko mara mbili, nikaingia kanisani kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Nikamkuta pale pale, anafuta jasho.

«Nani amekutuma?»

Akavua miwani, akainama. «Muzee, miye ni baba mudogo wa kijana mwenye kupenda binti yako. Mbele ya kuleta ng'ombe wa mahari, familia ilinituma nichunguze nyumba.»

Roho ikatulia, nikacheka. «Na umeona nini?»

Akafungua kikaratasi. «Pombe, hapana. Bibi, hapigi. Lakini baba anakimbiaka watu, haijulikani anaficha nini.»

Ng'ombe hawakuletwa, na binti yangu hajanisemesha tangu hapo. Wenzangu wenye mabinti, mkifuatwa, tembeeni polepole, tena msalimieni.