Jirani Aliyeigiza Ubaya

Wiki iliyopita, nikitoka kazini, nilipita mtaa wetu wa zamani hapa Garissa nikakuta wamebomoa nyumba ya mwigizaji. Palipokuwa na chumba chake pamechimbwa msingi wa maduka. Nilisimama juani mpaka fundi mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana. Wewe nitakueleza.

Sisi watoto tulimwita habaryar, mama mdogo, ingawa hatukuwa ndugu. Mume alikuwa amemwacha, akawa anaishi na mama yake aliyepooza. Mara kwa mara alipanda basi kwenda Nairobi kurekodi mchezo wa runinga, akarudi na dawa za mama yake na biskuti zetu. Katika mchezo ule alikuwa mke mkubwa anayemtilia mke mwenziwe sumu kwenye chai. Jumapili majirani walijazana dukani kwenye runinga, na kila alipotokea, midomo myekundu na kicheko kirefu, wanawake walimlaani kwa sauti.

Kwake hukukisikia kicheko kile. Palinukia ubani, mikate ya anjera ikitoboka vishimo juu ya kikaango, naye akimgeuza mama yake ubavu huu na ule asipate vidonda. Mimi alinipa kazi niliyoipenda kuliko zote: kushika karatasi za mchezo na kusoma maneno ya mke mdogo. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, chake cha sokoni.

"Bole, dada," alisema, akininyooshea kikombe kitupu.

"Si bole, habaryar. Ni pole."

"Po... pole. Haya, kunywa ufe!"

Nami nilijiangusha mkekani nikafa, na yule bibi aliyepooza akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mwaka mmoja ukame ulitushika vibaya, mizoga ya ng'ombe ikanuka mpaka barabarani. Siku moja mimi na wenzangu tuliteremka mto Tana, tulikokatazwa kwa sababu ya mamba. Tukaiba maembe mabichi katika shamba la watu, tukanywa na maji ya mto. Kabla ya magharibi nilikuwa natapika. Hooyo, mama yangu, akanishika bega.

"Naa, we msichana, umekula wapi leo?"

Ningetaja mto ningechapwa. Macho yangu yakaenda kwenye ua wa jirani.

"Kwa habaryar," nikasema. "Alinipa chai."

Sikuongeza neno, wala halikuhitajika. Mwanamke aliyekuja kuazima ndoo alinisikia. "Subhanallah!" akasema, akatoka bila ndoo. Kulipokucha mimi nilikuwa nimepona, na mtaa mzima ulikuwa na habari.

Habaryar alisikia tu kwamba naumwa. Akaja na chupa ya maziwa ya ngamia, ukame ule ule, sijui aliyapata wapi. Wanawake waliokuwa uani wakasimama. Mmoja akamweleza nilichosema. Akanigeukia mimi.

"Binti yangu, nilikupa chai lini?"

Nikaficha uso kwenye shuka ya hooyo. Alisubiri. Nakumbuka jinsi alivyosubiri. Kisha mwanamke mmoja akaichukua ile chupa mkononi mwake, akayamwaga maziwa mchangani.

Tangu siku hiyo mwenye duka alimwambia sukari imekwisha, magunia yakiwa nyuma yake. Binti aliyekuwa akikaa na mgonjwa habaryar anaposafiri hakuja tena. Akaomba mlango kwa mlango mtu wa kukaa na mama yake siku mbili tu, aende kurekodi. Alibisha kwetu pia. Hooyo alisema hana nafasi. Basi hakwenda, na huko Nairobi wakamweka mwigizaji mwingine. Dawa zikaisha. Bibi alifariki kabla ya mvua. Wanaume wa msikitini walikuja wakambeba, lakini kuosha maiti hakuja mwanamke hata mmoja. Alimwosha mama yake peke yake. Tulisikia maji yakimwagika, ukimya, halafu maji tena. Baada ya siku chache alipanda lori la mifugo kwenda Kutulo, kwa jamaa za mama yake. Huko ndiko habaryar mwenyewe alikofia na kuzikwa.

Nilipokuwa chuoni nilimwambia hooyo ukweli. Alikuwa akichagua mchele.

"Najua," akasema. "Gauni lako lilikuwa na tope la mto."

"Mbona hukusema, hooyo?"

Akatoa kijiwe, akakitupa. "Walikuwa wameshasema wao. Na mimi nilikuwa nikiishi hapa hapa."

Hooyo naye ametangulia. Wasichana tulioshuka nao mtoni wameolewa mbali. Kwenye harusi na matanga, wanawake wazima bado husimulia kwamba mtaani kwetu palikaa mwanamke wa runinga aliyetaka kumuua mtoto kwa chai. Mtoto mwenyewe hawakumbuki alikuwa nani. Mimi huwa nimekaa hapo hapo kati yao, nikisikiliza.