Beli wa Uso na Beli wa Wazimu

Nesi wa zahanati yetu ya Likoni alikuwa na mikono mikubwa ya mkulima, lakini akikugusa shavu husikii uzito. Maradhi aliyataja kwa majina ya madaktari walioyagundua, kana kwamba ni majirani zake. Mwaka wa arobaini na saba uso wa dada yangu Mwanatabu ulipooza upande mmoja, daktari akasema ni maradhi ya Beli. Shemejiye, Boga, ndugu wa mumewe, akaulizia mjini, akaambiwa Beli ni wazimu, basi akampokonya dada mtoto wake mchanga. Tukaenda sote kwa nesi, mtoto akilia.

Nesi alimshika dada kidevu. "Fumba macho, mwanangu." Jicho moja likabaki wazi. Akamgeukia Boga, kwa ile sauti yake ya chini. "Beli ni wawili, bwana. Jina moja, watu mbalimbali. Mmoja aliandika habari za wazimu. Huyu wetu aliandika habari za mshipa wa uso. Akili za mwanangu huyu ni nzima, na uso utarudi, Mungu akipenda."

"Kweli?" Boga akauliza.

Nesi alinyoosha mikono tu, na Boga, asiyesikia la mtu, akampa mtoto. Nesi akamrudishia dada. Dada hakuweza kutabasamu, lakini mtoto alipofika kifuani mwake alinyamaza.