Laini Mbili za Bi Minza

Siku ya kwanza nilipokalia meza ya usajili, tawi la Tabora mjini, nilikuta boksi la fomu limewekwa juu ya kiti changu na Meneja wa Tawi amesimama pembeni yake kama analilinda. Nilikuwa nimeshafanya kazi miaka michache kwenye kaunta ya kampuni ile ya simu, nikiuza vocha na kadi za simu. Siku zile ulinunua laini kama unavyonunua kiberiti. Unalipa, unapewa, unaondoka, na hakuna aliyekuuliza jina.

"Bi Zuhura," Meneja aliniambia, "serikali imeamua. Kuanzia leo hatutoi laini isiyokuwa na mwenyewe. Jina, kitambulisho, mahali anapoishi. Usiandike jina la mtu ambaye hujamtazama usoni."

Nilimjibu, "Sawa, bosi," na moyoni nilijisemea kwamba kujaza fomu hakuwezi kunishinda. Nimezaliwa Isevya, baba yangu fundi cherehani, na nilikua nikiandika majina ya wateja wake kwenye vipande vya karatasi ili suruali ya mtu isiende kwa mwingine.

Vijana wa leo mtauliza usajili ulikuwa na haja gani. Jirani yetu mmoja, mwalimu wa kike, alipigiwa simu wiki tatu mfululizo na mtu aliyemtishia kuichoma nyumba yake. Aliiandika namba ile akaipeleka polisi. Polisi wakaja kwetu, na sisi hatukuwa na la kuwaambia zaidi ya kwamba laini iliuzwa mahali fulani kati ya Tabora na Nzega. Mwalimu yule alihama mji. Kwa hiyo mimi sikuidharau kazi ya usajili hata mara moja, hata pale watu walipoilaani.

Na waliilaani kwelikweli. Mzee mmoja muuza kahawa alinikazia macho siku hiyohiyo ya kwanza.

"Mwanangu, jina langu mnalitaka mkalifanyie nini?"

"Ili mtu akifanya uovu kwa simu ajulikane, mzee wangu."

"Mimi nimefanya uovu gani?"

"Hujafanya. Ndiyo uandikishwe, ijulikane kuwa si wewe."

Alicheka, akatoa kadi yake ya kupigia kura. Nilijivunia jibu lile kwa miaka mingi.

Kazi yenyewe ilitaka macho kuliko mkono. Tulikuwa tunahakiki, yaani tunalinganisha fomu na kitambulisho na mtu aliyesimama mbele yetu. Wengine walileta vitambulisho vya ndugu waliokwisha kufa. Kwa upande wa Unyamwezini na Usukumani kila ukoo una Kulwa na Doto wake, mapacha wanaofanana hadi kovu, na ilinibidi niwaulize mama zao nani alitangulia kuzaliwa. Halafu kuna majina ambayo karani mmoja anayaandika kwa L na mwingine kwa R, na mtu mmoja anageuka wawili kwenye kumbukumbu. Nilijifunza kumwambia mteja alitamke jina lake taratibu, kisha nimsomee nilichoandika. Meneja alipoona fomu zangu hazirudishwi kutoka makao makuu, alinipendekeza nipandishwe cheo.

Ndivyo nilivyohamishiwa Igunga, kuwa msimamizi wa usajili wa wilaya. Ofisi yetu ilitazama barabara kuu ya Dodoma na Mwanza, na mchana kutwa madirisha yalitetemeka kwa malori. Nilikuwa na mawakala chini yangu, vijana waliokwenda vijijini na minadani kusajili watu, na bosi wangu sasa alikuwa Meneja wa Kanda, mtu mwenye haraka ambaye alipenda kuanza mazungumzo kwa neno "leo".

Huko ndiko zama za fomu zilikofikia mwisho. Ilikuja amri mpya kwamba laini zote zisajiliwe upya kwa alama za vidole, na kidole kilingane na kitambulisho cha taifa. Tukapewa mashine ndogo zenye kioo. Mteja anaweka kidole, mashine inatafuta, na ikikubali laini inafunguka kwa jina lake. Kila msajili alikuwa na neno lake la siri la kufungulia mashine, na kila laini iliyosajiliwa ilibaki na alama ya nani aliisajili na dakika gani.

Jambo ambalo waliotunga mashine hawakulijua ni vidole vya wakulima wetu. Mtu aliyechuma pamba miaka hamsini kidole chake kimelainika kama kokoto ya mtoni. Tulikuwa na ndoo ya maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa. Ukimwosha mtu mkono na kumkausha vizuri, kidole gumba kikikataa unajaribu cha shahada, kikikataa unahamia mkono wa kushoto. Uvumilivu ulikuwa nusu ya kazi.

Siku za mwisho kabla laini zisizosajiliwa hazijafungwa, nilikwenda mnadani Choma na wakala mmoja aitwaye Deo. Watu walikuwa wengi, ng'ombe wanalia, vumbi limesimama. Deo akanijia na mashine mkononi.

"Mama, neno langu la siri limefungwa. Nimepiga simu ofisini, wanasema mpaka kesho kutwa."

Nilitazama foleni. Kulikuwa na akina mama waliotembea tangu alfajiri. Meneja wa Kanda alikuwa amekwisha kunipigia mara mbili: "Leo Choma iishe, Bi Zuhura." Nikamwandikia Deo neno langu la siri kwenye kiganja chake kwa kalamu. Tukafanya kazi meza mbili, na jioni foleni ilikuwa imekwisha. Nilirudi Igunga nimechoka na nimeridhika.

Ilipita miezi minne. Asubuhi moja mpelelezi wa polisi aliingia ofisini na barua rasmi ya kuomba taarifa za namba moja. Aliniambia kilichotokea. Mtu aliyejitambulisha kuwa bwana mifugo aliwapigia ndugu wawili, wafugaji, akawaita kijiji cha pili wakapokee chanjo. Walipofika huko hawakukuta mtu. Nyuma yao ng'ombe walikuwa wamekwisha kuswagwa, na mchungaji wao, Masanja, baba wa watoto watano, alikuwa amelala zizini amevunjwa mkono kwa rungu.

Nikaifungua ile namba. Jina: Minza, mwanamke, miaka sabini na moja, wa Choma.

"Tunaye kituoni tangu jana," mpelelezi alisema. "Anakataa katakata. Nami kusema kweli sioni bibi huyu akiita watu kwa sauti ya mwanamume. Lakini namba ni yake, na wanawe watatu tunawatafuta."

Nikatazama chini zaidi. Siku ile ya mnada, kwa jina lile, zilisajiliwa laini mbili. Kati ya laini ya kwanza na ya pili zilipita dakika nne. Na aliyezisajili zote mbili, kwa mujibu wa mashine, alikuwa mimi.

Nilimwomba mpelelezi anipe hadi mchana niandae majibu, naye alipotoka nikampigia Meneja wa Kanda na kumweleza kila kitu.

"Leo usinichanganye," alisema. "Umeulizwa nini? Umeulizwa namba ni ya nani. Ni ya huyo mama. Andika hivyo, piga muhuri, basi."

"Lakini si yake, bosi."

"Mashine inasema yake. Ukisema ulitoa neno la siri, ujue kazi huna, na pengine utakaa hapo alipokaa yeye."

Nilikata simu nikabaki nimekaa. Sitawadanganya kwamba sikufikiria kuandika alivyotaka. Nilikuwa mjane, na mwanangu wa mwisho alikuwa chuoni. Barua ilikuwa ya mistari mitatu, na kila neno lingekuwa kweli kwenye karatasi. Nilichukua hata muhuri mkononi. Kisha nikamkumbuka yule muuza kahawa wa Tabora na jibu nililomwambia. Nikaurudisha muhuri kwenye droo, nikajitanda mtandio, nikaenda kituoni kwa miguu.

Bi Minza alikuwa kwenye benchi, mwembamba, ameweka mikono mapajani.

"Shikamoo, mayu," nilimwamkia, kwa neno ambalo Wasukuma humwitia mama.

"Marahaba." Alinitazama kwa makini. "Wewe nakujua. Ulikuwa Choma, meza ya pili."

"Ndiyo mimi. Nieleze, mayu, ilikuwaje siku ile?"

"Ilikuwaje? Kijana alinikamata kidole akakibonyeza pale kwenye kioo. Akasema haijashika, weka tena. Nikaweka. Haijashika, weka tena. Mara tano, mara sita. Nikamwambia mwanangu, kidole kinauma. Akasema vumilia bibi, vidole vyako vimezeeka." Akanyanyua kidole gumba akanionyesha. "Mimi nina namba moja tu. Nampigia binti yangu Sikonge, basi."

Nikaelewa yote. Kidole kilikuwa kimeshika mapema kwa laini yake. Zile "weka tena" zilizofuata zilikuwa za laini nyingine, ambayo Deo aliitia mfukoni.

Niliingia kwa mpelelezi nikakaa.

"Neno la siri ni langu," nilisema, "lakini kidole cha mama yule sikukishika mimi. Nilimpa wakala wangu neno langu la siri, na sheria ya kazi inanikataza."

Aliweka kalamu chini. "Mama, unajua unachokisema? Nikikiandika hiki, hakifutiki."

"Andika."

Akaandika. Kisha nikamwonyesha jambo ambalo msajili tu ndiye angeliona. Kwenye kumbukumbu za siku ile nilipanga majina kwa dakika, na wakatokea watu wengine wanane, wote wazee, wote wamesajiliwa laini mbili kwa kupishana dakika chache. Deo alichagua vidole vilivyochakaa, kwa sababu mwenye kidole hicho hashangai kuambiwa arudie.

Bi Minza aliachiwa jioni ile. Deo alikamatwa wiki hiyohiyo, naye akamtaja mtu aliyekuwa akizinunua zile laini, na mtu huyo akawataja wenzake. Ng'ombe walipatikana zaidi ya nusu, porini upande wa Manonga. Wezi walifungwa, Deo naye. Mkono wa Masanja haukunyooka tena, na kila nilipomwona barabarani amebeba fimbo kwa mkono wa kushoto nilishindwa kumtazama usoni.

Mimi sikushtakiwa. Nilisimama mahakamani kama shahidi. Lakini kazini nilivuliwa usimamizi na kupewa uhamisho kwenda Sikonge, karani wa kawaida. Meneja wa Kanda alinikabidhi barua bila kuniangalia.

Kabla sijahama nilikwenda Choma nyumbani kwa Bi Minza. Nilifika nimejiandaa kuomba msamaha, maneno nimeyapanga njia nzima. Alinikatiza.

"Umekuja kuomba radhi, nimesikia. Kaa. Lakini kwanza angalia simu hizi." Akaita wakwe zake na majirani, wakaja na simu zao. "Utuambie kila mmoja ana namba ngapi kwa jina lake. Tukimaliza, ndiyo tutaongea habari ya radhi."

Nilikaa hapo hadi jua likapinduka, nikimfungulia kila mtu ile menyu ya kuhakiki, inayoonyesha namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mkwe wake mmoja alikuta laini asiyoijua. Tukaiandikia ifungwe. Bi Minza akaniletea ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akakaa mbele yangu.

"Sasa sema," aliniambia.

Nikasema, na nililia. Hakunibembeleza. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Kula. Njia yako ni ndefu."

Sikonge nilikaa miaka sita, na nasema bila kusita kwamba ndiko nilikokuwa msajili hodari kuliko popote. Watu wa kule wanalima tumbaku na kurina asali, na wakati wa kuchuma tumbaku vidole vyao hugandwa na utomvu mweusi ambao sabuni peke yake haiutoi. Nilitumia ndimu na mchanga laini. Na nilijiwekea sheria moja: hakuna anayeondoka mezani kwangu kabla sijamfungulia ile menyu na kumsomea kwa sauti namba zilizo kwa jina lake, naye akubali kwa kinywa chake.

Meneja mpya wa Kanda alinipigia kulalamika. "Bi Zuhura, wewe unasajili watu wachache kuliko wote kanda nzima."

"Ni kweli, bosi. Nitajie malalamiko mangapi umepokea kutoka Sikonge."

Nikasikia akipekua karatasi. "Hakuna."

"Basi niache nifanye kazi."

Mwaka uliofuata aliniita Tabora niwafundishe mawakala wote utaratibu ule, na ufundishaji ndio ulikuwa kazi yangu hadi nilipostaafu. Kila darasa niliwasimulia habari ya Choma, na sikuficha jina langu. Mara ya kwanza niliisimulia harakaharaka. Baadaye nilizoea, maana niliona vijana wakificha daftari walimokuwa wameandika maneno yao ya siri.

Sasa niko Isevya, nyumba ya marehemu baba. Majirani huniletea simu zao niwaangalizie, nami huwafundisha wajiangalizie wenyewe. Wapo wanaoniuliza kama usajili umemaliza wizi. Haujamaliza. Mwizi anatafuta kidole cha mtu mwingine, na njia ya kukipata inapita mezani kwa msajili. Lakini yule mwalimu aliyehama mji, lau angetishiwa leo, tungemjua anayemtisha kabla jua halijatua. Kwangu hilo linatosha kuiheshimu kazi niliyoifanya.

Ninyi mnaoketi sasa kwenye meza zile, bosi atawapigia kuulizia foleni. Mwambieni inakwenda. Kisha mwosheni mikono bibi aliye mbele yenu, mkaushe vizuri, na kidole chake kikikubali mara moja, mwachieni mkono wake.