Tulijibu Salama

Juzi mjukuu wangu aliniambia yuko "moody", akajifungia chumbani. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule kijijini kwetu Idsowe, mafuriko ya Tana yalipokwisha rudi mtoni na matope yakinuka hadi jikoni.

Siku hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha maneno ya Kiingereza ya moyo mzito: sad, miserable, gloomy. Niliyaimba njia nzima. Kwetu, ukiulizwa habari ulijibu salama, hata ukiwa na homa. Kwa hiyo niliamini huzuni ni ya Wazungu, sisi tunajifunza shuleni tu.

Nilimkuta mama ameketi kando ya meko yasiyo na moto. Mwanamke wa Kiorma aliyekuwa akituletea maziwa ya mdogo wangu alibisha hodi.

"Habari za hapa?"

"Salama," mama akajibu. "Na ng'ombe?"

"Salama."

Mama akapokea kibuyu kilichonukia moshi, kama siku zote. Mdogo wangu tulikuwa tumemzika Ijumaa.

Mgeni alipoondoka, nikajitapa: "Mama, leo nimejua gloomy."

"Ndiyo nini?"

"Ni kama wingu likikaa juu ya nyumba, na mvua hainyeshi."

Alikitazama kile kibuyu kwa muda mrefu.

"Sema tena," akaniambia polepole. "Nifundishe kulitamka."

Jioni hiyo ya juzi mjukuu alitoka chumbani, uso umekunjuka. Kwenye kiti cha babu yake, ambaye hata arobaini yake haijafika, koti lake lilikuwa bado limetundikwa.

"Bibi, habari yako?"

"Salama," nikajibu.