Walinifungia Mlango, Nikarudi Kuuvunja

Hii stori hata mama yangu mzazi alikataa kuiamini mpaka alipoona mkono wangu umefungwa bandeji. Naandika kwa kidole gumba cha kushoto, nikikosea herufi mnivumilie.

Iko hivi.

Nimerudi juzijuzi kutoka umisionari. Miaka miwili mbali na nyumbani, shati jeupe na tai, kazi ni kubisha milango ya watu. Simu ilikuwa ya kuongea na familia tu.

Marafiki zangu wa kufa na kuzikana ni wawili. Fundi, anatengeneza simu. Na Bonge, ambaye kazi yake kubwa ni kula kwa Fundi. Wanakaa chumba kimoja, dirisha moja.

Narudi, nawapigia, hawapokei. Natuma meseji, wanasoma, kimya.

Hakuna kitu kinauma kama kusomwa halafu ukaachwa hivyohivyo.

Nikasema liwalo na liwe. Mchana kweupe, begi begani, shati langu jeupe maana nguo nyingine zote zimenibana, nikaenda.

Nakata kona, naona moshi barazani kwao. Nikatabasamu.

Nafika, moshi hakuna. Mlango umefungwa, dirisha limebanwa, pazia limeshushwa.

"Hodi wenyewe."

Kimya.

Sasa sikia. Mtu aliyebisha milango miaka miwili hadanganywi na kimya. Watu wakijificha wana sauti zao. Kitanda kitalia. Mmoja atakohoa. Na Bonge hajawahi kuzuia kicheko tangu darasa la kwanza.

Nikamsikia akibanwa na kicheko. Halafu sauti ya Fundi, chinichini: "Tulia. Ataondoka huyo."

Nikanywea.

Kule tulifundishwa: bisha mara tatu, wasipofungua waage kwa heshima, nenda zako. Nikabisha ya pili, ya tatu.

"Haya ndugu zangu, mbaki salama."

Nikaenda kukaa duka la kona na soda ambayo sikuinywa mpaka ikapata moto mkononi. Nikaanza kufuta namba zao. Ya Bonge ikaenda. Nafika ya Fundi, kidole kikagoma.

Ule moshi.

Jiko la mkaa lilikuwa barazani. Nilipofika halikuwepo, yamebaki majivu sakafuni.

Wameliingiza ndani nisijue wapo. Na dirisha wamelifunga.

Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani.

"Fundi. Fungua."

Nikaweka sikio mlangoni. Kitanda hakilii. Hakuna kikohozi. Hata kicheko cha Bonge hakuna.

Hiki hakikuwa kimya cha kujificha.

Mama mwenye nyumba akatokea na ndoo ya maji. "We mhubiri, si wamekukataa? Unawang'ang'ania ya nini?"

"Mama, wanakufa humo ndani."

"Mlango wangu usiuguse."

Nikapiga ngumi kioo cha dirisha, lile lililo ubavuni mwa mlango. Joto zito likanipiga usoni. Nikapenyeza mkono, damu inachuruzika, nikalivuta komeo la mlango.

Fundi alikuwa sakafuni, mkono ameunyoosha kuelekea mlangoni. Alijaribu. Bonge kitandani, kalegea. Katikati yao jiko, sufuria inachemka taratibu kama hakuna lililotokea.

Ndoo ikaanguka nyuma yangu. "Kamata mabega, mwanangu," mama mwenye nyumba akasema. "Vuta."

Tukawalaza nje. Fundi akatapika, akaanza kuhema. Bonge, wapi.

Nampiga makofi ya mashavu, namwita. Hola.

"Bonge," nikamwambia sikioni, "chakula kimeiva."

Akafungua jicho moja.

Jioni, wodini, pua zina mipira ya oksijeni, Fundi hanitazami.

"Tulijua umekuja kutuhubiria. Tukikukatalia usoni utaumia, tukaona bora usitukute. Bonge ndiye aliyeliona begi. Akasema limejaa vitabu."

Nikalifungua begi mbele yao.

Pedi mbili za gemu. Zilezile tulizokuwa tunagombania. Mama alinitunzia.

Bonge akaziangalia, akageukia ukuta. Mabega yakawa yanatikisika, na safari hii hakikuwa kicheko.

Jamani, jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni kaburi. Na mtu akikubishia hodi, muulize kwanza amebeba nini ndipo umfungie.

Ila niambieni ukweli. Umesikia kwa masikio yako rafiki yako anasema "ataondoka huyo". Soda iko mkononi, namba unazifuta.

Wewe ungerudi?