Mama Sogea

Wachuuzi wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, pale Liuli walimwona Hedwiga anaringa. Wenzake wakisubiri mitumbwi wamebanana, yeye alishika beseni kwa mikono miwili mbele ya tumbo, viwiko nje, na ukimsogelea mno anakusukuma nalo taratibu bila hata kukutazama. Wakambandika jina, Mama Sogea. Lilimuuma, lakini hakulijibu hata siku moja.

Kumbe chini ya vitenge viwili alivyojifunga kulikuwa na mimba ya miezi mitano, na aliyeijua ni mumewe Ignatio peke yake. Mimba haitangazwi, macho ya watu ni mengi. Hata ile ya mwaka juzi hakuitangaza. Alipigwa kiwiko cha tumbo hapo hapo ufukweni, jioni ikatoka, na waliouliza aliwaambia malaria imemlaza. Recho, jirani yake na mchuuzi mwenzake, akamletea uji siku tatu mfululizo.

Asubuhi hiyo ulirudi mtumbwi mmoja tu, wa mzee Bartholomayo. Desturi ya pale, beseni linalotangulia kuingia mtumbwini ndilo linalojazwa kwanza, na gari la kwenda sokoni Mbinga halimsubiri mtu. Kabla mtumbwi haujagusa mchanga watu walikuwa wamekwisha kujitosa majini. Hedwiga alikuwa mbele. Akakaza miguu, akavuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole, kama alivyojizoeza. Nyuma wakasukuma. Maji yakampanda magotini, kisha mapajani. Ubao wa mtumbwi ulibaki shubiri moja kutoka tumboni, na beseni lililokuwa katikati likaanza kupinda.

Ndipo akaona kiwiko cha Recho kikimjia ubavuni. Kupiga kelele angeweza, ila kelele pale huzidisha msukumano. Akaliachia beseni likaelea zake, akageuka, akaweka viganja viwili kifuani pa Recho.

"Dada Recho," alisema kwa sauti ya kawaida, "nina mimba. Ile ya kwanza iliharibikia hapa hapa, kwa kiwiko. Haikuwa malaria."

Recho alijipenyeza kati ya Hedwiga na umati, akampa mgongo, akatanua mikono, na waliokuwa wakisukuma wakaanza kumgonga yeye. Hedwiga akapata nafasi ya kupumua.

"Kiwiko cha nani?" Recho aliuliza bila kugeuka.

Hedwiga akamjibu kwamba siku ile watu walikuwa wengi, hakuona. Alikuwa ameona. Kilikuwa cha Recho.